Baraza linanyonya maji? Subiri kwanza kupaka dawa

Mvua zikianza tu hapa Kigoma, simu zinakuwa nyingi: "Fundi, baraza langu linanyonya maji, njoo upake dawa." Tunakuja, tunakagua, na mara nyingi tunamwambia mwenye nyumba asubiri. Dawa ya kuzuia maji inataka zege lililokauka hadi ndani. Huku kwetu wakati wake ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Zege jipya nalo liache litimize angalau siku 28.

Zege hata liwe gumu namna gani, lina vitundu. Maji ya kuchanganyia yakizidi mahitaji ya saruji, ziada hukauka taratibu na kuacha njia ndogondogo ambazo maji ya mvua yatapita baadaye. Kwa hiyo ukimwona kibarua anaongeza ndoo ya maji ili zege lisambae kirahisi, mzuie. Na ukishamwaga, mwagilia siku 7 mfululizo. Sakafu iliyoachwa ikaungue na jua tangu siku ya pili hutoa vumbi kila ukifagia, na hakuna dawa ya dukani itakayoifanya iwe sawa na iliyotunzwa tangu mwanzo.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe kabla hujatuita. Chukua nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, itandaze sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache mpaka kesho yake. Ukiifunua ukakuta matone kwa chini, au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukipaka rangi ya plastiki hapo itavimba na kubanduka. Ule unga mweupe unaoota ukutani karibu na msingi ni dalili hiyohiyo: maji yamebeba chumvi, yamekauka, chumvi imebaki juu. Usuguliwe kwa brashi kavu, kisha utafutwe mlango wa maji.

Mji wetu ni wa vilima, na mara nyingi mlango wenyewe uko kiwanja cha juu. Maji ya jirani yanashuka yanajaa nyuma ya msingi wako, na dawa iliyopakwa upande wa ndani inasukumwa mpaka inatoka. Hapo tutakushauri uchimbe mtaro kwanza, hata kama maana yake ni kwamba siku hiyo hatukuuzii kitu. Baraza lenyewe nalo lilazwe kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, maji yasituame.

Jambo linalotuumiza zaidi ni mawese. Nyumba nyingi hapa zinapika kwa mawese, na wengine wanayahifadhi kwenye madumu uani. Watu wanadhani doa lile jekundu ni uchafu tu. Mafuta yale yana asidi inayokula chokaa iliyomo kwenye saruji, na yakimwagika sehemu moja miaka mingi sakafu inalainika, unaona mchanga unatoka kwa kucha. Yakimwagika, mwagia vumbi la mbao yanyonywe, fagia, kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni. Halafu dondoshea tone la maji. Likizama, pamesafika. Likikaa juu kama shanga, mafuta bado yamo na dawa haitaingia. Ndimu na siki pia zinakula sakafu, basi usizitumie kusafishia.

Kuhusu aina ya dawa, kwa baraza na njia za nje tunapendelea ile inayozama ndani, ya sileni au siloksani. Haibadilishi mwonekano, na unyevu uliomo ndani unaendelea kutoka. Haizuii mafuta vizuri, kwa hiyo jikoni na penye madumu tunaweka epoksi, inayofunika juu kabisa. Epoksi ikilowa inateleza, nasi tunainyunyizia mchanga mwembamba uliooshwa kabla haijakauka. Wazee na watoto wanaanguka, tusilifanyie mzaha.

Ukitupigia, tuambie urefu na upana wa eneo, zege lilimwagwa lini, na kama limewahi kupakwa chochote. Ukiwa na picha iliyopigwa mvua ikinyesha, ikionyesha maji yanakopita na yanakotuama, itume hiyo kwanza.