RISALA YA KIKUNDI CHA WAJAWAZITO NA WENZA WAO KWA MGENI RASMI, UJIJI, KIGOMA

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa kata, watumishi wa zahanati, wazazi wenzetu,

Karibu sana Ujiji. Kikundi kilianza na akina mama wachache chini ya mwembe wa zahanati. Leo, kwa kudra za Mwenyezi Mungu, mafanikio ni makubwa: mabenchi manne, daftari la mahudhurio lisilokosa siku, na akina baba wanaowasindikiza wake zao.

Mwaka huu tumejipima. Hatukumuuliza mama kama darasa limempendeza, maana kila mtu atasema ndiyo. Tulisubiri wiki nne baada ya somo, tukamuuliza, kisha tukamwambia atuonyeshe kwa mikono. Yanayofundishwa kwa mdomo yameshika. Dalili za hatari wanazitaja bila kusita: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona maluweluwe, uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Vidonge vya kuongeza damu wanajua visimezwe na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma. Yanayotaka mikono ndiyo yamekwama. Mama anajua anyonyeshe ndani ya saa moja, ila ukimpa mwanasesere anamtia ncha ya chuchu tu, hangoji kinywa kipanuke kishike na ile sehemu nyeusi inayoizunguka. Michubuko huanzia hapo, na maziwa ya kopo hufuata.

Sababu tunaijua, Mgeni Rasmi. Darasa liko barazani, kando ya foleni ya kupima presha. Mama anategea jina lake lisimpite, hamsikii mwalimu. Nani atafungua kifua pale? Nani atalala mkekani kwa ubavu kujifunza kupumua wakati wa uchungu, wapita njia wakimtazama? Baba naye anaishia getini. Mvua ikinyesha, tunatawanyika.

Tunaomba chumba kimoja, mita 8 kwa 6. Mawe ya msingi tumesomba wenyewe, tofali za kuchoma zipo. Kwa heshima zote, wageni rasmi wawili waliokutangulia waliahidi saruji na bati mbele ya umati kama huu. Tuliwapigia makofi, tukawaandikia barua za kukumbushia. Sasa majani yameota ndani ya msingi. Pungufu ni mifuko 60 ya saruji na mabati 40 ya geji 28, mafundi tunao. Kabla hujapanda gari, tunakuomba ukauone msingi huo, ni hatua chache nyuma ya zahanati, kisha ututajie tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.