Miembe ya barabara ya Matema isiuawe na mtaro

Ndugu Mhariri,

Anayeteremka kutoka Tukuyu, akashika njia ya Ipinda kwenda Matema, anajua anachokifuata: Milima ya Livingstone imesimama wima mbele yake, Ziwa Nyasa liko chini, na kandokando ya njia kuna miembe minene na mikuyu ya siku nyingi. Akina mama wa Kikisi wanaorudi na vyungu kutoka soko la Lyulilo hupumzika chini ya vivuli hivyo hivyo. Lami ya Kikusya–Ipinda–Matema, kilomita 39 na ushei, ilishawekwa. Sasa ni zamu ya matengenezo, na hapo ndipo miti hii itapona au itakufa.

Mti ukiangushwa kwa chensoo, kijiji kizima kitasikia. Mtaro wa maji ya mvua unaochimbwa kando ya barabara huua kimya kimya. Bonde la Kyela ni tambarare. Mito kama Mbaka na Lufilyo hufurika masika, na maji ya ardhini hayako mbali. Mizizi inataka hewa, kwa hiyo kwenye udongo kama huu haishuki sana, inatandaa, na mingi imo ndani ya sentimita 60 za juu. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikichimba mtaro wa kina cha mita moja hatua mbili tu kutoka kwenye shina, kimeshafyeka karibu mizizi yote ya upande ule. Juu mti utabaki kijani. Mwaka wa pili ncha za matawi zitakauka, wa tatu uyoga utaota kwenye shina, halafu upepo wa ziwani utaulaza barabarani na watu watasema ulikuwa mzee. Wakati huo mwaka mmoja wa matazamio, ambao mkandarasi huwajibika kwa kasoro za kazi yake, umekwisha zamani, na hakuna wa kuulizwa.

Kipimo cha kuzuia hayo si kigumu. Zungusha futi kamba kwenye shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mwembe wenye mzingo wa sentimita 250 una kipenyo cha kama sentimita 80. Zidisha mara 12: eneo la mizizi la kulindwa ni karibu mita 9.6 kila upande. Barabarani huwezi kulipata lote, hilo linaeleweka, kwa kuwa lami yenyewe imeshakula upande mmoja. Lakini usichimbe kamwe ndani ya mara tatu ya kipenyo, yaani mita 2.4 kwa mti huo, maana hapo unakata mizizi inayoushikilia usianguke. Ndani ya eneo lililobaki, greda na roli za kokoto zisiegeshwe, na udongo usimwagwe juu ya mizizi. Kifusi cha sentimita 30 kikishindiliwa kinatosha kuinyima hewa.

Maji je? Yatolewe kabla hayajafika kwenye miti. Mtaro wa pembeni ukatishwe hapo, maji yaelekezwe shambani au mtoni kwa mtaro wa kutolea maji, kisha uanze tena mbele ya safu ya miti. Pasipowezekana, mtaro upitishwe nyuma ya miti, au uwe mpana na wa kina kifupi, uliopangwa mawe bila kukata mizizi minene kuliko kifundo cha mkono.

Kupogoa nako kuna maafa yake. Wanaosafisha njia za umeme hukata kichwa chote cha mti, na machipukizi yanayofuata hujishika kwenye gome tu, hayakai. Tawi kubwa hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene, pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea nchani, tawi lidondoke bila kuchana gome, mwisho kisiki kiondolewe nje kidogo ya ule uvimbe wa maungio ya tawi na shina, usiuguse. Usipake rangi wala oili chafu. Na usizidishe robo ya matawi yote kwa mwaka.

Tunajua hoja ya usalama, na hatuipuuzi. Mti ulio ndani ya kona ukimziba dereva asione, ukatwe, hatutautetea. Miti iliyonyooka na barabara ipakwe chokaa, iwekewe viakisi mwanga, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa vijijini usimamiwe kweli. Hifadhi ya barabara ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, inaipa mamlaka usemi juu ya miti iliyomo. Si amri ya kupiga X nyekundu kila shina.

Tunachoomba ni kitu kimoja cha kiofisi: kila mti uhesabiwe, upimwe, upewe namba, na ulinzi wake uandikwe kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake katika mkataba, kama kazi yenye bei, na fidia ya kuujeruhi iandikwe humo humo. Maneno ya "mkandarasi atatunza mazingira" hayalipwi, kwa hiyo hayafanywi.

Penye mapengo pandwe mvua zikianza, Novemba au Desemba, mita 12 kati ya mti na mti, upande wa nje wa mtaro. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, samadi debe moja, na uzio wa mianzi kuzuia ng'ombe. Mkuyu uwekwe mbali na kalavati, mizizi yake huzipasua. Mikaratusi hapana. Na miembe iwe ya kienyeji, ya kuotesha kwa kokwa. Ile ya kubebesha hubaki mifupi na matawi yake hushuka hadi usawa wa vioo vya magari.

Wakazi wa Ipinda na Matema,
Kyela, Mbeya