Boksi la umeme la pampu ya mafuta si la kuchezea

Mhariri, naomba nafasi niseme na mafundi na wenye vituo vya mafuta, maana hili jambo linaniuma kweli. Watu wanaogopa sigara na simu pale kituoni lakini ndani ya pampu yenyewe kuna mota, kuna swichi, kuna nyaya, na mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, tena ni mzito kuliko hewa kwahiyo hauendi juu, unatambaa chini na kujaa kwenye mashimo na mitaro ya nyaya.

Ndo maana vile vifaa vina alama ya Ex, yaani vimetengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye mvuke au gesi inayoweza kulipuka. Wengi wanadhani lile boksi la chuma nene limezibwa ili mvuke usiingie, hapana, mvuke unaweza kuingia na hata kulipuka humo humo, kazi ya boksi ni kuhimili huo mlipuko, na moto ukipita kwenye mwanya mwembamba wa mfuniko unapoa kabla haujafika nje. Sasa fundi anafungua, anarudisha bolti 5 kati ya 8, au anapiga msasa uso wa mfuniko, au anatoboa tundu jipya apitishe waya na glandi (kile kibanio cha waya unapoingia kwenye boksi) ya kawaida ya plastiki. Hapo kinga imekwisha hata kama alama bado ipo! Na pampu itauza mafuta vizuri tu, hakuna atakayejua.

Jamani wenye vituo, tafuteni fundi aliyesomea vifaa vya Ex, na mkague bolti zote kabla umeme haujarudishwa.