Fundi asikatwe mshahara kwa sababu ya ukurasa mtupu

Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee kijana wa watu. Jina lake silitaji, wala la kampuni iliyomwajiri. Wenyewe walio Shimanzi watajijua.

Mimi ni fundi wa kompyuta, mwaka wa 19 huu, na wateja wangu wengi ni mawakala wa forodha, wale wanaokutolea kontena bandarini. Seva zao, yaani kompyuta kuu za ofisi, huwa zimewekwa kwenye chumba cha mafaili, chini ya feni, kwa kuwa kiyoyozi kilikufa zamani na chumvi ya baharini imekula kilichobaki. Nyingi bado zinatumia toleo la zamani la mfumo wa Microsoft, Windows Server 2012 R2. Kuna moja naijua ni ya 2008 R2, nayo inasukumwa tu kama mkokoteni wa Marikiti.

Wiki mbili zilizopita, baada ya isha, kijana huyo alinipigia simu. "Ma, nimekatwa nusu mshahara." Mkaguzi alikuja, akafungua ukurasa wa historia ya masasisho kwenye seva, yale marekebisho ya mfumo yanayotolewa na Microsoft, akaukuta mweupe pe. Akaandika kwenye ripoti kwamba seva haijawahi kusasishwa. Bosi alisoma mstari huo mmoja, mengine hakuyasoma.

Asubuhi nilivuka feri nikaenda kujionea. Nilimuuliza, "Mwanangu, hii folda ya SoftwareDistribution uliigusa?" Ndiyo folda ambamo Windows huweka masasisho inayopakua na kumbukumbu zake. Akainamisha kichwa. Aliigusa. Mwezi mmoja kabla ya ukaguzi seva iligoma kutafuta masasisho, naye akafanya tunavyofanya mafundi wote: akasimamisha huduma ya masasisho, akaibadilisha jina folda hiyo, akaiwasha huduma tena. Windows ikajitengenezea folda mpya, kazi ikaendelea.

Sasa, ukurasa ule wa historia husoma faili moja tu, DataStore.edb, iliyomo ndani ya folda ile ile. Folda ikiondoka, historia nayo inaondoka. Masasisho yaliyokwisha kuingia kwenye mfumo hayaguswi hata kidogo. Daftari la duka likiliwa na mchwa, mchele bado uko ghalani, na mwenye duka hawezi kudai kwamba muuzaji hakuleta gunia.

Ghala lenyewe halikuwa gumu kulifungua. Amri ya systeminfo, ambayo iko kwenye kila seva ya Windows, ilitoa nambari za masasisho zaidi ya mia moja. Amri nyingine, Get-HotFix, inayoandikwa kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, ikatoa na tarehe zake. Kisha bahati ikatuangukia: kijana hakuifuta folda ya zamani, aliibadilisha jina tu. Ndani yake tukaikuta ReportingEvents.log, faili la maandishi ya kawaida, kila mstari na tarehe na saa yake, yaliyofaulu na yaliyokwama. Tukaichapisha. Karatasi zilijaa meza.

Wakaguzi nawaomba wajue pia kwamba hata hizo amri mbili hazisemi kila kitu. Zinaonyesha sehemu za Windows yenyewe. Masasisho ya Office au SQL Server hamtayaona humo. Kumbukumbu za matukio ya mfumo nazo husaidia, tukio nambari 19 likiwa ni sasisho lililofaulu na 20 lililoshindikana, lakini kumbukumbu hizo zina ukubwa wake, na zikijaa za zamani zinafutwa kupisha mpya. Wala mtu asishike karatasi ya mwaka 2017 akataka lazima aikute kwenye orodha KB4012216, nambari ya sasisho lililoziba tundu la usalama lililopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani mwaka huo. Tangu Oktoba 2016 masasisho ya mwezi yanakuja kwa jumla, la baadaye limebeba ya nyuma, na seva ikisafishwa yaliyopitwa huweza kutoka kwenye orodha.

Lakini lililoniudhi hasa, Mhariri, ni hili. Tulipopanga zile tarehe, sasisho la mwisho la mfumo lilikuwa la Oktoba 2023. Si kijana aliyelala. Tarehe 10 Oktoba 2023 ndiyo Microsoft walipoacha kuitunza 2012 R2 bure. Baada ya hapo ni ya kulipia, tena nayo mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Kijana alimwandikia bosi barua pepe mara tatu kuomba pesa za kulipia au za seva mpya. Nimeziona. Jibu lilikuja moja: "Tutaangalia." Kwa hiyo tundu lipo kweli, na mkaguzi alipita karibu nalo akaenda kuandika la ukurasa mtupu, ambalo halikuwa tundu.

Kijana naye nimemkemea, asidhani anapendelewa. Folda ile haiguswi kabla ya kuandika pembeni: leo tarehe fulani nimeibadilisha jina, sababu hii. Na kila mwisho wa mwezi majibu ya systeminfo yahifadhiwe kwenye faili la maandishi, nje ya seva, hata kwenye flashi. Haichukui dakika tano. Mimi nilianza kufanya hivyo baada ya kuaibishwa mbele ya mteja mmoja, na sijasahau alivyonitazama.

Zile karatasi tumezifunga kwa bahasha ya kaki, nakala moja kwa bosi, nyingine kwa mkaguzi, pamoja na zile barua pepe tatu. Hadi naandika haya, mshahara haujarudishwa. Kama mkaguzi huyo ni msomaji wako, bahasha iko mapokezi tangu Jumatatu.

Fundi wa kompyuta,
Likoni, Mombasa