Majiko ya mafuta ya taa yakaguliwe kabla ya baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji wenzangu, hasa sisi tunaoishi Njombe, Makete na Mufindi, jambo ambalo huzungumzwa baada ya msiba badala ya kabla yake. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokuwa kali hata umande ukaganda juu ya majani, familia nyingi huingiza chumbani jiko la mchina, lile la mafuta ya taa lenye tambi, wakaliota kama moto wa kuni. Matangazo tunayosikia hutukataza tu, wala hayatuelezi jiko lenyewe litunzwe vipi, ilhali jiko bovu ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Kazi yangu ni kutengeneza majiko haya, na ubovu ninaoukuta mara nyingi ni wa tambi. Utambi wa pamba ukitumika muda mrefu, ncha yake huwa nyeusi na ngumu kama mkaa, mafuta hayapandi sawasawa, na moto uliopaswa kuwa wa bluu hugeuka njano na kupaka sufuria masizi. Mwenye jiko hupandisha tambi akidhani anaongeza joto, kumbe anaongeza moshi. Inafaa alizime jiko, aliache lipoe kabisa, akate kwa mkasi ncha zilizoungua hadi tambi zote zilingane, kisha asugue masizi yaliyoziba matundu ya silinda za bati, kwa kuwa hewa hupitia humo. Utambi uliofupika hata haufiki chini ya tangi ubadilishwe, na tambi mpya ziachwe zilowane mafuta kwa nusu saa hivi kabla ya kuwashwa.

Moto wa njano hauishii kwenye masizi. Mafuta yasiyoungua vizuri hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala hana namna ya kuitambua. Hata jiko lenye moto safi lizimwe kabla watu hawajalala, na linapowaka dirisha liachwe wazi kiasi.

Kinachonitia hofu zaidi ni tangi linalovuja. Maji yaliyoingia katika mafuta huzama chini na kulila bati kwa kutu. Dalili yake ni moto unaorukaruka na kutatarika. Likishatoboka, wapo wanaolikimbiza kwa fundi wa kuchomelea likiwa bado na mabaki ya mafuta, na mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka kwa cheche moja. Tangi la namna hiyo, kwa maoni yangu, libadilishwe, kwani kiraka cha lehemu hakiaminiki karibu na moto.

Nawaomba wenye maduka ya vifaa waweke tambi za pamba, wasituletee za nailoni zinazoyeyuka, na halmashauri zetu ziyaingize maelezo haya katika matangazo yao kuanzia Mei, wakati mafundi bado wana nafasi ya kuyapokea majiko.

Fundi wa majiko,
Njombe Mjini