Sita toa sita: mameneja wetu wanafundishwa nini?

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu mafunzo ya siku mbili ya uchanganuzi wa data kwa mameneja, pale Nyali, ilisifu slaidi yenye CFI 1.00 na RMSEA 0.000 (vipimo vya jinsi modeli inavyolingana na data, na hizo ndizo alama bora kabisa), mkaandika kwamba modeli ile, yaani mchoro wa mishale unaodai kipi huleta kipi, "imekubaliana na data kikamilifu". Miaka yote hii nimesoma habari za namna hiyo nikanyamaza. Hii imenikwama kooni.

Hesabu yake haitaki kompyuta. Slaidi ilikuwa na vitu 3: mafunzo kazini, kuridhika kwa mfanyakazi na kasi ya kutoa mizigo. Vitu 3 hukupa taarifa 6 tu, yaani mtawanyo wa kila kimoja na uhusiano wa kila jozi. Mishale nayo ilikuwa 3, maana mafunzo yalichorwa yakigusa kasi moja kwa moja na pia kupitia kuridhika. Ongeza mtawanyo wa mafunzo na masalio 2, yaani sehemu ya kuridhika na ya kasi ambayo mishale haikuieleza, tayari umekisia 6. Sita toa sita ni sifuri. Modeli isiyobakiwa na digrii hata moja ya uhuru, yaani taarifa inayosalia baada ya kukisia, italingana na data tu, hata mahali pa kuridhika ungeweka bei ya nyanya ya soko la Kongowea. Geuza mishale yote, kasi ilete kuridhika na kuridhika kulete mafunzo: 1.00 ile ile. Hata ukifuta ule mshale wa moja kwa moja ukapata digrii 1, mnyororo uliobaki hutoa CFI ileile ukiusoma kwa mbele au kwa nyuma. Basi anayemwambia meneja "data imethibitisha" anamuuzia mbuzi kwenye gunia. Upande wa mshale hujulikana kwa kazi yenyewe: nani alifunzwa lini, kasi ilipimwa miezi mingapi baadaye, na kina nani hawakufunzwa wakawekwa pembeni wa kulinganishwa nao.

Kampuni moja ya uwakala wa forodha mjini humu ilikata fedha za matengenezo ya fokolifti kwa ripoti ya aina hiyo. Faili lao nililiona. Wafanyakazi 60, na aliyeruka swali alijaziwa 99, bila mtu kuiambia programu kwamba 99 maana yake hakujibu. Kwenye swali la alama 1 hadi 5, watu 59 wenye wastani wa 3 wakichanganywa na 99 moja, wastani unaruka hadi 4.6! Wakurugenzi wakapongezana kwamba vijana wameridhika.

Na hojaji zenyewe, Mhariri, ni nani anazitafsiri? "Msimamizi wangu ni mwadilifu na hunifundisha kazi." Hayo ni maswali mawili. Mwenye bosi mwadilifu asiyefundisha atazungushia 3, akapige foleni ya feri. "Nimewezeshwa kazini" ndiyo kabisa: kwa kuli wa bandarini, kuwezeshwa ni kutiwa kitu mkononi. Kisha swali moja linaulizwa mara nne kwa maneno tofauti kidogo, alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja, inafika 0.9, ukumbi unapiga makofi.

Anayetaka kufundisha kweli achukue maswali 12 ya mambo 3, manne kwa kila jambo, asiyajumlishe kuwa alama moja kwa kila jambo. Hapo taarifa ni 78, makisio 27, zinabaki digrii 51, na modeli inaweza kukataliwa. Ila kwa watu 60 asijaribu. Atafute 200 kwenda juu. Visingizio vya bei ya leseni sivitaki: lavaan, kifurushi cha kupima modeli hizi ndani ya programu ya takwimu ya R, ni bure.

Waandaaji wa mafunzo yajayo nawaomba mambo mawili. Digrii za uhuru ziandikwe kando ya CFI kwa herufi za ukubwa uleule. Na kabla ya biriani ya saa saba, mkufunzi ageuze mishale mbele ya watu wote. Namba isipotikisika, biriani ipakuliwe, vyeti virudishwe kwenye boksi.

Mwalimu wa takwimu,
Kisauni, Mombasa