Nyufa za chasisi zipimwe kabla ya kuchomelewa

Ndugu Mhariri,

Gari la watalii likirudi Arusha kutoka Serengeti na ufa kwenye chasisi, mara nyingi linapelekwa gereji za Unga Limited. Grinda, mstari wa kuchomelea, kiraka cha bamba, rangi nyeusi, na kesho yake lina abiria. Mafundi hawa nawaheshimu sana. Ombi langu ni kwa vyuo vyetu vya ufundi na uhandisi: wapelekeni vijana wakazikokotoe nyufa hizo.

Hatari ya ufa iko nchani. Ukikokotoa kana kwamba chuma ni elastiki tupu, yaani hurudi daima katika umbo lake, mkazo wa nchani (nguvu kwa kila eneo la chuma) hauna kikomo. Chuma halisi hakifiki huko. Sehemu ndogo kuzunguka ncha huvutika na hairudi tena. Kisha kila rasta na kila shimo huisogeza ncha kidogo.

Njia ya elementi finiti hugawa chasisi katika vipande vingi na kukokotoa mkazo wa kila kimoja. Vipande vikiwa vikubwa karibu na ncha, kompyuta hutoa namba inayopendeza lakini ni ya uongo, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu namba hiyo huaminiwa. Programu inayojirekebisha hukadiria wapi kosa ni kubwa, huvigawa tena vipande vya hapo tu, kisha hukokotoa upya mpaka kosa lishuke hadi kiwango ulichoweka. Zienkiewicz na Zhu walitoa njia nyepesi ya kulikadiria kosa hilo mwaka 1987. Na mwanafunzi asihangaike na mkazo wa nchani. Akokotoe J, kipimo cha James Rice cha mwaka 1968 cha nishati inayousukuma ufa, kinachosomwa kwa kuizunguka ncha kwa mbali. Kwa mzigo unaopanda tu, hutumika hata pale chuma kimeshalegea.

Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza aina ya Comet zilipasukia angani. Uchunguzi wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, ulionyesha uchovu wa metali, yaani kupasuka kwa mzigo unaojirudiarudia: kwenye pembe za matundu ya bodi, mkazo ulikuwa mkubwa kuliko wabunifu walivyokadiria. Chasisi nayo imejaa matundu.

Programu za bure zipo, CalculiX na Code_Aster zikiwemo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apime ufa mmoja halisi, unene wa bamba na umbali hadi tundu la bolti lililo karibu, kisha amrudishie fundi jibu analoweza kulitumia: tundu litobolewe wapi kuizuia ncha wakati gari linasubiri matengenezo, ufa uchimbwe hadi wapi kabla ya kujazwa weldi, na kiraka kikatwe vipi. Viraka vingi ninavyoviona vimekatwa mraba, na weldi yake inakatiza ubavu wa chini wa chasisi, ule unaovutwa zaidi gari likibeba mzigo. Ufa mpya huanzia hapohapo.

Mwalimu wa mekanika,
Sakina, Arusha